Gundi Ije Mwisho: Maneno kwa Mafundi Vijana wa Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliotangulia kwenye kazi hii, mama zetu, manahodha mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, na nyinyi vijana wa mbao ambao ndio hasa nimeitiwa, ahsanteni. Walionialika walitaka nizungumze juu ya gundi: ni gundi gani ikitiwa kwenye mlango wa kabini ya chombo, mlango hauachii tena? Nitajibu. Ila nitawachelewesha kidogo kwa makusudi, maana fundi anayeanza kwa kuuliza gundi huwa keshaukosea mlango kabla hajaugusa.

Tuutazame mlango wenyewe. Hapa Lamu tumezungukwa na milango. Tangu UNESCO iutie mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wageni hawaishi kuja kuipiga picha, na wana haki. Lakini mlango wa nyumba ya mjini una raha zake. Mbao zake ni nene, umekaa ndani ya ukuta mpana wa mawe, na kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba, nusu ya siku uko kivulini. Mlango wa kabini hauna raha hata moja. Unatakiwa uwe mwepesi, kwa hiyo mbao zake ni nyembamba. Uso wa nje unachomwa na jua tangu asubuhi. Uso wa ndani unaelekea chumba chenye giza, joto na unyevu wa ngama, yaani tumbo la chombo. Maji ya chumvi huurukia, yakakauka, yakaurukia tena. Chombo kikilala upande na hakuna aliyekumbuka kutia komeo, mlango hujibamiza mpaka mtu aamke. Na siku hizi vyombo karibu vyote vina mashini, basi mtetemo hauuachi hata usiku.

Milango mingi mtakayoletewa imeundwa namna moja. Kuna mbao mbili za wima pembeni, na mbao tatu za kulala: ya juu, ya kati na ya chini. Katikati kuna vibao vyembamba vilivyokaa ndani ya mifereji. Kila mbao ya kulala ina ulimi huku na huku, ulimi unaingia ndani ya tundu la mbao ya wima, gundi inashika, na pengine kijiti cha mti kimepigwa kukaza. Hayo mengine ni mapambo.

Sasa, mti ukishakatwa, ukapasuliwa, ukakaushwa miaka kumi, bado utakunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ikinywa, mbao hutanuka kwa upana wake. Kwa urefu haiongezeki kitu cha kuonekana kwa jicho. Fikirini basi pale kwenye kiungo. Ulimi wa mbao ya kulala unataka kutanuka kwenda juu na chini, na mbao ya wima, kwa upande huo huo, haitaki kusogea hata unywele. Gundi iko katikati yao. Masika ikiingia wanaivuta huku, kaskazi ikikausha wanaivuta kule. Miaka ikipita gundi huchoka, hasa ulimi ukiwa mpana. Kwa hiyo mlango ulioachia msikimbilie kumtukana aliyeuunda. Huenda umefanya kazi kuliko alivyotarajia yeye mwenyewe.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Wazee wa visiwa hivi walikuwa wakiunda mtepe, na mtepe haukuwa na msumari wa chuma. Mbao zilitobolewa zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga likawa la mkeka, na vyombo hivyo vikaendelea kusafiri mpaka karne ya 20 ilipoingia. Watu huusifu mtepe kwamba ukigusa mchanga ulikubali kujinyonga kidogo bila kupasuka. Mimi nausifu kwa jambo jingine: ulishonwa ili uweze kufumuliwa. Kamba ikichakaa inakatwa, ubao unatolewa, unashonwa upya. Aliyeuunda alijua kwamba baada yake atakuja fundi mwingine, akamwachia njia. Sisi tuliopata gundi kali tumeisahau adabu hiyo, tunaunga kana kwamba hakuna atakayezaliwa baada yetu.

Basi neno langu ni moja. Kuutengeneza mlango ulioachia ni kuufumua. Wote. Kutia gundi ni kazi ya nusu saa mwishoni.

Najua kinachofanyika pwani, kwa sababu milango hiyo huishia kwangu. Nahodha anakuja mbio, kesho ana wageni, au Maulidi yamekaribia na watu wa kubeba ni wengi. Kiungo cha chini kimefunguka kiasi kidole cha mtoto kinaingia. Fundi anachukua bomba la sindano, analijaza gundi, anaisukuma ndani ya ufa, anakaza kamba, anaongeza skrubu mbili za kutuliza roho. Asubuhi mlango umekaza. Nahodha amefurahi, fundi amelipwa. Kusi ikipiga msimu mmoja, mlango umeachia pale pale, na sasa una matatizo mawili badala ya moja.

Kwa nini? Ndani ya ule ufa hakuna mbao safi. Kuna ngozi ya gundi ya zamani, kuna vumbi, kuna mafuta ya mashini, na kuna chumvi. Gundi mpya imeshika uchafu, na uchafu haukushika kitu. Chumvi ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa sababu huvuta maji kutoka hewani. Mbao iliyolowa maji ya bahari huonekana kavu saa sita mchana, na jioni ukiigusa ina ubaridi. Halafu gundi iliyosukumwa kwa sindano hukaa upande mmoja wa tundu, ikagandia hapo kama donge, na hata fundi wa pili akitaka kukifunga kiungo vizuri, hakifungiki tena. Na zile skrubu mbili, mara nyingi za chuma cha kawaida, zimeanza kutu. Mbao ngumu kama mvule na mbambakofi zina maji yake makali. Yakikutana na chuma yanatoa weusi unaoingia ndani na kuula mti taratibu pembeni mwa skrubu. Shaba nyeupe nayo si salama kama wengi wanavyodhani: kwenye chumvi hupoteza zinki yake, ikageuka nyekundu-nyekundu, ikakatikia ndani ukijaribu kuitoa. Kama ni lazima skrubu, tieni za chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 316, au za shaba nyekundu ngumu, yaani bronzi. Lakini kwenye ulimi na tundu, jamani, skrubu ni ya nini?

Nahodha mmoja hapa mbele ananitazama kwa jicho. Nitakufikia, kaka, bei tutaisema.

Kazi inaanzia chomboni. Kabla hujauchomoa mlango kwenye bawaba, upime ukiwa umening'inia, pembe kwa pembe, vipimo viwili vya msalaba, uviandike. Kisha lipime tundu lenyewe la mlango, ule uwazi wa kabini unamokaa, namna hiyo hiyo. Chombo si nyumba. Kina umri, kimejinyonga, na mara nyingi tundu la kabini haliko mraba. Fundi wa kwanza aliliona hilo akauchonga mlango ufuate. Sasa wewe uufumue, uuunge kwa pembe mraba safi kabisa, ujisifu, urudi nao chomboni ukute haufungi! Na kipimo hicho kichukuliwe chombo kikielea. Kikiwa kimepwelewa, kimeegemea ubavu mmoja juu ya mchanga, kinajinyonga zaidi na kipimo chako kitakuwa cha uongo.

Ukishaufikisha karakanani, kwa mkokoteni au kwa punda, ulaze uutazame. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Kila kiungo kipe namba, iandike pande zote mbili za kiungo, mahali ambapo hutapiga randa. Bawaba, komeo na skrubu zote ziingie kopo moja. Halafu tafuta silikoni. Huu ni ugonjwa mpya. Watu wanaona maji yanaingia, wanapaka silikoni, na silikoni ikishagusa mbao, gundi haishiki pale, vanishi haishiki, rangi haishiki. Ikate kwa kisu, ikwangue mpaka ufike kwenye mti mpya. Usiipige msasa kwanza, utaisambaza.

Vijiti vya mti vitoeni kwa keekee au drili yenye ncha ndogo kidogo kuliko kijiti, kisha mabaki yasukumwe. Usipokitafuta kijiti ukaanza kupiga nyundo, utaupasua ulimi, na ulimi uliopasuka ni siku nzima nyingine. Kwenye milango iliyopakwa rangi, vijiti hujificha. Angalieni duara dogo linaloonekana mwanga ukija kwa ubavu.

Halafu viungo vifunguliwe. Vile vilivyoachia hutoka kwa nyundo ya mti na kipande cha mbao laini cha kupigia. Visivyoachia ndipo mafundi tunapogombana. Wako mafundi wazuri, nawaheshimu, wanaosema kiungo kinachoshika kiachwe. Mimi nasema kikaguliwe kwa bapa jembamba la chuma. Likiingia hata kidogo, kiungo hicho kimeshaanza safari, kifunguliwe. Likikataa kabisa kuingia, nakubali, kiacheni, maana kukivunja ni hasara. Lakini mlango wenye viungo sita, vinne vimeachia, viwili vimebaki, sijaona vile viwili vikadumu. Vilikuwa vimebeba mzigo wa wenzao muda mrefu.

Namna ya kuvifungua hutegemea gundi ya zamani, na hapo inabidi umjue aliyekutangulia. Gundi ya ngozi ya wanyama hulainika kwa maji moto na mvuke. Gundi nyeupe ya makabati hulainika kwa joto, na siki ya moto huisaidia kuachia. Epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, haijali maji, lakini joto inalijua: puliza hewa ya moto taratibu, mbao isiungue, itakuwa kama mpira na ulimi utatoka. Ukiona mstari wa gundi wenye rangi ya zambarau iliyokolea kuelekea kahawia, hiyo ni risosinoli, na hiyo haitoki kwa maji wala kwa joto la kawaida. Hapo utakata kwa msumeno mwembamba na kutengeneza ulimi mpya wa kupachika, unaoingia huku na huku.

Vipande vikishatengana, vioshwe. Ndiyo, kwa maji. Maji matamu, si ya kisima chenye munyu. Vioshwe, viachwe, vioshwe tena, mpaka ukigusisha ulimi wako mwenyewe kwenye mbao husikii chumvi. Msicheke, ndicho kipimo cha bure mlicho nacho. Kisha vikaushwe kivulini, vimelazwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu. Juani vitajikunja, na ubao uliojikunja haurudi kwa kubembelezwa.

Vikaushwe mpaka lini? Hapa vijana wengi huniambia wiki moja, wengine siku tatu, wote wanakisia. Kama una kile kifaa cha kupimia unyevu wa mbao, kizuri. Kwa epoksi nataka asilimia 12 au karibu na hapo, na ikizidi 15 au 16 nasubiri. Kama huna, nenda kwa muuza samaki uazime mizani. Pima mbao ya chini, ile nzito, andika uzito kwa penseli juu yake. Baada ya siku mbili pima tena. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukisimama, pima mara moja tena, na ukibaki pale pale, mbao imetoa inachoweza kutoa kwa hali yetu ya hewa. Mizani haikisii.

Wakati zinakauka, safisha. Kazi hii haina sifa, na ndiyo kazi yenyewe. Gundi yote ya zamani itoke kwenye ulimi na ndani ya tundu, kwa patasi kali na kikwaruzo, si kwa msasa mnene. Msasa huviringa kona za ulimi, na ulimi wenye kona za mviringo hukaa tunduni kama jino bovu. Ukidhani umemaliza, dondosha tone la maji juu ya mbao. Likinywewa, mbao iko wazi na gundi itaingia. Likisimama kama shanga, bado kuna gundi au mafuta, rudi kazini. Msaji una mafuta yake ya asili, kwa hiyo hata ukiwa safi uupanguse kwa asitoni na kitambaa cheupe, kisha gundi itiwe muda mfupi baadaye, kabla mafuta ya ndani hayajapanda tena.

Ulimi ukilegea baada ya kusafishwa, usijaze pengo kwa karatasi wala pamba. Bandika kipande chembamba cha mbao ya aina moja, ulazo wa nyuzi ukifuata ulazo wa ulimi, kikikauka kirandwe mpaka ulimi uingie kwa kusukuma kwa kiganja. Ukihitaji nyundo, umebana mno. Ukianguka wenyewe, umelegea mno.

Juu ya kuoza sitasema mengi, mnajua. Ni mbao ya chini karibu kila mara, na ncha za chini za mbao za wima, pale nyuzi za mti zinapoangalia sakafu na kunywa maji kama mrija. Choma kwa ncha ya kisu. Pakiingia bila ubishi, kateni mpaka kwenye mti mzima, na zaidi kidogo. Kiraka cha kurefusha mbao ya wima kiungwe kwa mkato wa mshazari, urefu wa mshazari uwe mara 8 ya unene wa mbao. Ile pati wanayotumia mafundi wa magari ibakie kwenye magari. Hunywa maji, ikafura, ikaanguka na kipande cha mti.

Sasa gundi. Mmengoja vya kutosha.

Gundi nyeupe ya makabati, hapana. Ni nzuri kwa kitanda na meza, lakini maji na joto huilainisha, na chini ya mzigo wa kudumu hutambaa polepole mpaka kiungo kifunguke. Zile za manjano zilizoandikwa zinastahimili maji ni bora kuliko hizo, na kwa mlango wa ndani wa chombo sina ugomvi nazo. Kwa mlango unaoangalia bahari, hapana. Gundi inayofura povu hudanganya macho: povu hujaza ufa wote, lakini povu lenyewe halina nguvu. Rezini ya faibaglasi, ile ya poliesta inayotumiwa kwenye boti za kasi, naiona sana na inaniumiza, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya kuunga mbao kwa mbao. Huganda, huwa ngumu, halafu hubanduka kama ganda.

Watu wameyasumbukia mambo haya kabla yetu. Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia waliunda ndege ya mbao, Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940. Walianza kwa gundi ya kasini, itokanayo na maziwa. Kasini haipatani na unyevu wa nchi za joto, na baadaye wakahamia gundi za kemikali. Basi msione haya mkishindwa na unyevu wa Lamu.

Risosinoli inastahimili maji hata ya kuchemka. Ila inataka viungo vilivyobana kabisa na klampu zenye nguvu nyingi. Pengo lolote ni udhaifu. Kwa kiungo kipya kilichokatwa vizuri ni gundi ya kuaminika. Kwa mlango wa zamani uliokwishakwanguliwa mara mbili, mimi nachukua epoksi. Epoksi hujaza pengo na nguvu ikabaki, wala haitaki kubanwa sana. Ukiibana mno unaikamua yote nje, kiungo kikabaki kikavu.

Ina udhaifu mmoja, joto. Epoksi ya kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, na mlango uliopakwa rangi nyeusi au buluu iliyoiva, ukikaa juani hapa kwetu, unaweza kufika huko. Kwa hiyo mwambieni mwenye chombo mapema: rangi iwe ya mwanga, au vanishi. Lakini udhaifu huo huo ndio njia anayoachiwa fundi ajaye. Siku mlango utakapohitaji kufumuliwa, atakuja na hewa ya moto na utafumuka. Kwangu hiyo ni sifa ya gundi.

Kijana ameniuliza pale nje, tukitaka ikauke haraka tuongeze kigumishi? La! Hayo ni mazoea ya faibaglasi. Kwenye epoksi, kigumishi si kichocheo, ni sehemu ya mwili wake. Kopo likisema sehemu 2 kwa 1, ni 2 kwa 1. Likisema 5 kwa 1, ni hivyo. Ukizidisha, haitaganda sawasawa maisha yake yote. Pimeni kwa vikombe vyenye alama au kwa mizani, changanyeni mpaka kona za kikombe. Nunueni kigumishi cha taratibu, kile cha nchi za joto, kwa sababu kila joto likipanda nyuzi 10 muda wako wa kazi hupungua karibu nusu. Na ikishachanganywa imwagwe kwenye sinia pana. Ikirundikana kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe, na nimeona kikombe kikitoa moshi. Glovu mkononi kila mara. Ikikugusa ngozi, osha kwa sabuni na maji; usioshe kwa thina, thina huipeleka ndani ya ngozi, na mwili ukishaanza kuikataa hauikubali tena.

Ungeni kavu kwanza. Mlango mzima bila gundi, klampu zote mahali pake. Pima msalaba, linganisha na kile kipimo cha chomboni. Laza rula mbili ndefu juu ya uso wa mlango, moja ncha ya juu na moja ncha ya chini, chutama uzitazame kwa jicho moja: zikienda sambamba, mlango haujapinda. Asiye na klampu ndefu atumie kamba na kijiti cha kupotolea, kwa epoksi inatosha kabisa. Karatasi ya nailoni itandikwe chini, isiwe mmeunga mlango na meza.

Saa ya kutia gundi ni baada ya sala ya alasiri. Asubuhi mbao inapashwa joto, hewa iliyo ndani yake inatanuka na kutoka, inasukuma gundi nje kwa vipovu. Alasiri joto linashuka, mbao inavuta hewa ndani, na gundi inaifuata. Kwanza paka epoksi nyepesi, isiyo na kitu, kwenye ulimi na ndani ya tundu, hasa kwenye ncha za nyuzi, uiache inywewe dakika chache. Kisha changanya nyingine na unga laini wa mbao mpaka iwe kama uji mzito, paka tena pande zote mbili, unganisha. Klampu moja juu ya mlango, inayofuata chini yake, kwa zamu, la sivyo mlango utainama upande mmoja. Inayotoka ifutwe ingali laini.

Na vile vibao vya kati, msivitie gundi hata tone. Ndivyo vipana kuliko vyote, ndivyo vinavyotanuka zaidi, na vinatakiwa vicheze ndani ya mfereji. Kibao kilichogandishwa hupasuka katikati kaskazi ikikaza, au huzisukuma mbao za wima mpaka kiungo ulichokihangaikia kiachie. Kabla ya kuunga, sugua kona zake kwa mshumaa. Gundi ikiteleza huko haitashika.

Uachwe saa 24 bila kuguswa, na usipigwe mawimbi kabla ya wiki moja, hapo ndipo epoksi hufikia nguvu zake. Iosheni kwa maji kabla ya msasa, maana huacha utando wa nta juu yake. Kisha vanishi yenye kinga ya jua, kwa sababu jua huila epoksi isiyofunikwa. Mikono sita si mingi. Ukingo wa chini ndio unaosahaulika, maana hauonekani mlango ukishaning'inia, na ndio unaokunywa maji. Upakeni wa kwanza.

Kaka yangu nahodha, sasa bei. Fundi anayekuambia kesho alasiri, anakuuzia sindano na skrubu. Anayekuambia wiki tatu anakuuzia mlango, na katika wiki hizo tatu siku nyingi mlango umelala kivulini unangoja mizani. Siku hizo usizilipie kama siku za jasho, lakini mpe nafasi yazo. Mwachie mlango mwezi wa kwanza au wa pili, hewa ikiwa kavu kidogo, usimletee katikati ya masika. Funika tundu kwa plaiwudi kwa muda, chombo kitaendelea na safari. Na nyinyi vijana, semeni siku zenu tangu mwanzo, mziandike, msikubali kusukumwa. Mlango ukirudishwa wakati wa kavu, uacheni na nafasi ya milimita 3 pande zote, na masika ukianza kukwama msiukimbilie kwa randa. Ukirandwa leo, Desemba utakuwa unapiga kelele ndani ya fremu.

Maswali nitayapokea pale mezani, si hapa. Kuna mlango wa kabini tumeuleta, wa msaji, viungo vitatu vimeachia na mtu ameshautia silikoni. Namba hazijaandikwa bado. Mwenye penseli atangulie, mwenye kisu kikali amfuate.